Saa za Mtoto: Mwongozo kwa Mzazi wa Laare Kuhusu Elimu ya Mwanawe

Mazungumzo kuhusu elimu ya watoto nchini Kenya huanza na karo na mara nyingi huishia kwenye karo, kana kwamba mtoto aliyelipiwa ni mtoto aliyekwisha kusoma. Laare, mji wa soko ulio katika eneo bunge la Igembe Kaskazini, kwenye milima ya Nyambene katika Kaunti ya Meru, ni mahali ambapo upungufu wa mazungumzo hayo unaonekana waziwazi. Hapa fedha taslimu hupita mikononi mwa watu karibu kila siku, kwa sababu miraa huchumwa, hufungwa na kuuzwa siku hiyohiyo, na mwenye miti iliyotunzwa hangoji msimu kama anavyongoja mkulima wa mahindi. Hata hivyo watoto huacha shule, hasa wavulana, na mara nyingi anayeacha haachi kwa sababu amekosa shilingi bali kwa sababu amezipata mapema mno. Mwongozo huu kwa hiyo unasimama juu ya hoja moja: kwamba kitu cha kwanza ambacho mzazi wa Laare anadaiwa na mtoto wake ni saa, yaani muda wa kulala vya kutosha, wa kuwa darasani siku zote za muhula na wa kusikilizwa jioni, na kwamba karo, sare na vitabu, ambavyo hakuna anayekana umuhimu wake, havina pa kushika iwapo saa hizo zimekwisha kuuzwa.

Alfajiri

Ili kuelewa kwa nini saa za mtoto zimo hatarini, ni lazima kuuangalia mmea wenyewe. Kinachofanya miraa itafutwe ni kemikali iitwayo kathinoni, ambayo humchangamsha mtafunaji na kumwondolea usingizi, lakini kemikali hiyo huanza kupotea punde tu kijiti kinapokatwa, kiasi kwamba baada ya siku mbili hivi mzigo huwa umepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, ndiyo sababu pikapu zinazoibeba kuelekea Nairobi zinajulikana kwa mwendo wa kutisha, na ndiyo sababu uchumaji huanza mapema. Zaidi ya hayo, vijiti laini vinavyopendwa na wanunuzi huota kwenye ncha za matawi, na katika miti mikongwe, ile ambayo Wameru huiita mbaine, ncha hizo ziko juu, mahali ambapo mwili mwepesi hufika kwa urahisi kuliko mwili wa mtu mzima. Saa ambayo miraa inahitaji mikono, basi, ndiyo saa ambayo shule inamhitaji mtoto.

Mtoto aliyepanda mti saa kumi na moja alfajiri huingia darasani magoti yakiwa yamelowa umande na vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa mgomba. Kufikia kipindi cha tatu kichwa chake kimelala juu ya dawati, na mwalimu mwenye darasa kubwa humwacha alale, akidhani ni mgonjwa au ni mvivu. Kwenye rejista ameandikwa kwamba amehudhuria. Mzazi akiulizwa, husema kwa haki kabisa kwamba mtoto wake hajakosa shule hata siku moja, na hapo ndipo tatizo linapojificha, kwa sababu kuhudhuria kwa mwili bila usingizi wa kutosha hakumpi mtoto kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Wataalamu wa afya ya usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 za kulala kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Mzazi anashauriwa aifanye hesabu hii yeye mwenyewe: mtoto wa Gredi ya 5 anayeamshwa saa kumi alfajiri angepaswa kuwa amelala saa moja jioni ili apate hata kile kiwango cha chini, yaani kabla chakula cha jioni hakijaiva katika nyumba nyingi. Hesabu ikikataa, kinachopaswa kuondoka ni kazi ya alfajiri, si usingizi. Kanuni inayofaa kuwekwa katika kila boma, na kutovunjwa hata bei ya miraa inapopanda, ni kwamba siku ya shule mtoto hagusi kazi ya shamba kabla ya masomo.

Kanuni hiyo haina maana kwamba mtoto asifanye kazi yoyote, kwani kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi na hakuna mzazi wa Igembe anayehitaji kufundishwa hilo. Kuchota maji, kukatia mbuzi majani, kufagia ua na kumtazama mdogo wake jioni ni mambo yanayomkuza mtoto, mradi yamalizike mapema kiasi cha kumwachia muda wa daftari kabla giza halijatanda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inatenganisha mambo haya mawili, kwa kuwa inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na kwa aliye kati ya miaka 13 na 16 inaruhusu kazi nyepesi tu, ile isiyodhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule. Kupanda mbaine penye utelezi wa umande si kazi nyepesi kwa kipimo chochote.

Hata likizoni, wakati kijana mkubwa anaposaidia shambani kwa ridhaa ya wote, namna anavyolipwa ina uzito. Noti inayotiwa mfukoni mwa mvulana wa miaka 14 kila jioni humfundisha somo ambalo shule haiwezi kulishinda kwa maneno, nalo ni kwamba leo inalipa na kesho hailipi. Ni bora zaidi ujira wake uhesabiwe na kuandikwa, kisha ununue kitu kinachoonekana na kinachohusiana na masomo yake, kama viatu, kamusi au taa ya sola ya kusomea, ili jasho lake lenyewe limrudishe darasani. Jambo jingine linaloandamana na hili ni utafunaji. Mtoto anayeshinda akifunga vibunda huanza kwa kuonja, na anayeonja jioni hukosa usingizi usiku na hamu ya kula asubuhi. Mzazi anayetafuna, na hilo ni jambo la kawaida na la heshima katika mila za Wameru, afanye hivyo mbali na meza ambayo mtoto anasomea, na asimtume mtoto kumletea.

Daftari na masikio

Wazazi wengi, hasa wale ambao wenyewe hawakusoma sana, huamini kwamba hawawezi kufuatilia masomo ya mtoto kwa sababu hawajui yaliyomo kwenye vitabu vyake. Imani hii ni ya kusikitisha kwa sababu si kweli, na kwa sababu huwanyima watoto shahidi wao wa karibu kuliko wote. Daftari la mtoto linaweza kusomwa hata na mtu asiyejua Kiingereza. Kwenye kila ukurasa mwanafunzi huandika tarehe, na tarehe ni namba tu: ikiwa ukurasa mmoja una tarehe ya Jumatatu na unaofuata una ya Ijumaa, basi kuna siku tatu za kuulizia. Wino mwekundu wa mwalimu nao huonekana, kama kazi imesahihishwa au la, kama alama za vyema zinaongezeka au zinapungua, kama mazoezi yanaachwa katikati. Daftari la hesabu ambalo limejaa upande mmoja wa mwezi na kuwa tupu upande mwingine linasema mengi kuliko ripoti ya mwisho wa muhula, na linasema mapema, wakati jambo bado linaweza kurekebishwa. Dakika kumi za jioni, mara mbili kwa wiki, mtoto akiwa amekaa kando na kueleza kilichoandikwa, zinatosha.

Kipimo cha pili ni kusoma kwa sauti. Shirika la Uwezo, ambalo lilianza kuwapima watoto wa Kenya majumbani mwao mwaka 2009, limeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi waliofika darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili, jambo ambalo wazazi wao kwa kawaida hawalijui. Njia ya shirika hilo ni nyepesi na inaweza kuigwa na yeyote: mtoto huonyeshwa herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi, na mahali anapokwama ndipo panapoonyesha kiwango chake halisi. Mzazi anayejua kusoma achukue kitabu cha Kiswahili cha darasa lililo nyuma ya la mtoto na kumwambia asome ukurasa mmoja. Mzazi asiyejua kusoma amwambie asome aya ileile mara mbili, asikilize kama maneno yanafanana mara zote mbili na kama yanatiririka au yanadondoka herufi kwa herufi, kisha amwombe amsimulie kwa Kimeru alichosoma. Mtoto asiyeweza kusimulia hakuelewa, hata kama alisoma kwa kasi.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu lugha, kwa kuwa baadhi ya wazazi wa Laare wameanza kuona aibu kuzungumza Kimeru na watoto wao, wakidhani kwamba Kiingereza kibovu cha nyumbani kitamfaa mtoto kuliko lugha ya mama iliyo kamili. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya elimu ya Kenya imetambua kwamba mtoto katika miaka yake ya kwanza shuleni anafaa kufundishwa kwa lugha inayozungumzwa katika eneo lake. Sababu yake ni ya kimsingi: mtoto hujifunza kusoma kwa kuunganisha alama zilizo kwenye karatasi na maneno aliyo nayo tayari kichwani, na kadiri maneno hayo yalivyo mengi ndivyo alama zinavyopata pa kutua. Nyanya anayemsimulia mjukuu hadithi za sungura na fisi jikoni, akimkatiza na kumuuliza nini kitafuata, anafanya kazi ya ualimu, na anafaa kuombwa aendelee.

Mtaala unaohesabu kila siku

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 na kuchukua nafasi ya ule wa 8-4-4 uliodumu tangu 1985, umebadilisha wajibu wa mzazi kwa namna ambayo wengi hawajaizingatia. Umilisi maana yake ni uwezo wa kutenda jambo, si kulijua tu, kwa hiyo mwanafunzi hupimwa kwa anachofanya darasani mwaka mzima na si kwa mtihani mmoja wa mwisho. Mtoto husoma miaka 2 ya shule ya awali, miaka 6 ya msingi, miaka 3 ya sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, kisha miaka 3 ya sekondari pevu, kabla ya chuo. Katika kupangiwa sekondari pevu, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6 huchangia asilimia 20 ya alama, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 nyingine, na tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, huchangia asilimia 60.

Maana ya mgawanyo huu kwa Laare ni nzito. Zamani mvulana mwerevu angeweza kuvuruga darasa la sita na la saba akichuma miraa, kisha akajifungia katika darasa la nane na kufaulu, na wapo waliofanya hivyo na wakasifiwa. Mlango huo umefungwa. Asilimia 40 ya alama huwa imekwisha kuandikwa kabla mtoto hajaingia Gredi ya 9, na sehemu yake inatokana na kazi za darasani ambazo mtoto aliyekuwa shambani siku hiyo hana namna ya kuzirudia.

Ripoti nazo zimebadilika. Badala ya nafasi ya kwanza au ya arubaini, mzazi huona viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa chini ya matarajio. Mzazi asiridhike na kusoma neno lililoandikwa, bali amuulize mwalimu wa somo ni jambo gani hasa ambalo mtoto hawezi kulifanya kwa sasa, kwa mfano kugawanya desimali au kuandika barua yenye mpangilio, na ni zoezi gani linaloweza kufanywa nyumbani. Swali lenye mahali pake hupata jibu lenye manufaa, ilhali swali la jumla kama vile kuuliza mtoto anaendeleaje hupata jibu la adabu tu.

Kuhusu vifaa ambavyo mtoto hutumwa kuleta, wazazi wamelalamika sana kote nchini, na baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo mtaala unaelekeza vifaa vipatikane katika mazingira ya mtoto, na mzazi ana haki ya kumwomba mwalimu akubali kamba ya mgomba badala ya uzi wa dukani, au mbegu badala ya shanga.

Uamuzi mkubwa huja mwishoni mwa Gredi ya 9, mwanafunzi anapochagua mmoja kati ya mikondo mitatu ya sekondari pevu, ambayo ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ule wa sayansi za jamii; na ule wa sanaa pamoja na michezo. Mzazi asichague kwa kufuata jina kubwa la mkondo. Aangalie ripoti za miaka mitatu, asikilize kile ambacho mtoto hukizungumzia bila kuulizwa, kisha aulize kama shule inayolengwa ina walimu na maabara za mkondo huo. Hata uchumi wa miraa wenyewe unahitaji wakemia, wataalamu wa udongo, wanasheria wa biashara ya kimataifa na wahasibu, kwa hiyo mtoto anayesoma hajaukimbia mti wa babu yake.

Kalenda ya miraa na kalenda ya shule

Serikali hutoa mgao wa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na tangu 2018 mgao wa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa umekuwa shilingi 22,244, ingawa fedha hizo mara nyingi huchelewa kuzifikia shule. Sare, chakula cha mchana, usafiri, malazi ya bweni na mahitaji mengine hubaki mikononi mwa mzazi. Ugumu wa kaya ya miraa katika kuyalipia si uchache wa mapato peke yake, bali ni umbo lake: mapato huja kidogo kidogo kila siku, ilhali shule hudai kwa mkupuo mara tatu kwa mwaka.

Mwenye miti anajua kwamba mvua inaponyesha, kati ya Machi na Mei na tena kati ya Oktoba na Desemba, miti huchipua kwa wingi na bei hushuka, na kwamba kiangazi huleta uchache na bei nzuri. Bei nzuri ya Februari, basi, ndiyo karo ya muhula wa pili unaofunguliwa wakati wa mvua, na bei nzuri ya Julai na Agosti ndiyo inayopaswa kubeba muhula wa tatu pamoja na gharama zote za Januari. Mzazi atenge sehemu ya kila mauzo siku ileile ya mauzo, kabla fedha hazijafika nyumbani, ama katika chama, ama katika sako, ama katika akaunti ya akiba ya simu inayofungwa hadi tarehe maalumu. Akiba inayoweza kuguswa haifiki mwisho wa muhula.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha kuweka akiba. Uholanzi ilipiga marufuku miraa Januari 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Somalia ikafunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Kila mara uamuzi uliofanywa mbali na Nyambene uliingia hadi kwenye madawati ya Laare, kwa kuwa familia ambazo mzigo wao ulikuwa ukienda nje zilijikuta hazina pa kuupeleka. Karo ya mwaka mzima isitegemee mnunuzi mmoja.

Kwa asiyejiweza zipo basari, yaani ruzuku za masomo, kutoka hazina ya NG-CDF ya eneo bunge na kutoka serikali ya kaunti. Kinachowaangusha waombaji wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi na barua ya shule vinafaa kuwekwa pamoja katika bahasha moja nyumbani tangu mtoto yuko Gredi ya 1. Cheti cha kuzaliwa hasa kisisubiri, kwani ndicho pia kinachohitajika katika kumsajili mwanafunzi kwa tathmini za kitaifa, na kukitafuta mtoto akiwa na miaka 12 ni safari nyingi na gharama isiyo ya lazima.

Baada ya tohara

Hakuna kipindi ambacho mvulana wa Igembe huiacha shule kwa urahisi kama miezi inayofuata tohara. Chini ya mfumo wa 8-4-4 mila na shule zilikuwa zimepatana bila kupanga: mvulana alimaliza mtihani wa darasa la nane mwezi wa Novemba, akatahiriwa likizoni, akapona, kisha akaenda kidato cha kwanza katika shule nyingine ambako hakuna aliyemjua kama mtoto. Sasa sekondari msingi iko ndani ya ua wa shule ya msingi, na aliyetahiriwa kabla ya kumaliza Gredi ya 9 hurudi kukaa karibu na watoto wa gredi za chini, akiwa ameambiwa kwamba yeye ni mwanamume. Hutokea akakataa kuelekezwa na mwalimu wa kike au kuvaa kaptura ya shule, na hatimaye akaona ni heshima zaidi kwenda kuchuma miraa pamoja na wanaume wenzake.

Ushauri unaotokana na hali hii ni kwamba, pale familia inapoweza, tohara ingoje likizo ya Desemba inayofuata mwisho wa Gredi ya 9, ili mila na kuhama shule viende pamoja tena. Isipowezekana, ifanyike mwanzoni mwa likizo ili kidonda kipone kabla ya shule kufunguliwa. Lenye uzito zaidi ni nani anakaa na kijana siku za kupona, kwa sababu mafunzo ya wakati huo hubaki moyoni kwa miaka. Baba achague waangalizi ambao wenyewe wanasoma au wamemaliza masomo, na awaombe waziwazi wamfundishe kijana kwamba mwanamume ni yule anayemaliza alichoanza. Hakuna ugeni katika hilo kwa Wameru. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013, kimesimama kule Nchiru juu ya ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na kijana anastahili kuambiwa kwamba wazee wake walitoa ardhi ili yeye asome.

Kwa wasichana, hatari ziko kwingine. Sheria ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo, lakini mama asisubiri mzigo wa serikali, kwa sababu siku nne za kukosa kila mwezi ni takriban wiki mbili katika muhula mmoja. Msichana aliyepata mimba anaruhusiwa na mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 kurudi shuleni, na baba anayemfungia mlango kwa hasira anampoteza mara mbili.

Mzazi mbele ya mwalimu, na jirani mbele ya jirani

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamfanya mzazi asiyempeleka mtoto shuleni kuwa mkosaji, anayeweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inakataza viboko shuleni na inataka kila shule ya umma iwe na chama cha wazazi chenye wawakilishi wa kila darasa. Mikutano ya chama hicho hujaa kina mama, kwa sababu kina baba wako mashambani au wanasubiri magari ya mzigo. Badala ya kuwalaumu, wawakilishi waiombe shule ipange mikutano baada ya saa ambayo pikapu zimekwisha kuondoka, kwani mwana anayemwona baba yake amekaa mbele ya mwalimu wa kike na kumsikiliza kwa heshima hupata jibu la maswali ambayo hajayauliza.

Lakini mzazi mmoja, hata awe mwangalifu namna gani, hawezi kuzilinda saa za mtoto wake peke yake ikiwa shamba la jirani liko wazi kumpokea. Mvulana aliyekatazwa nyumbani huruka ua na kuchuma kwa mwingine, na yule anayemlipa mara nyingi ana watoto wake mwenyewe walio bwenini, salama. Huu ndio uovu wa kimyakimya ulio katika biashara ya miraa, na unafaa kutajwa kwa jina. Dawa yake ni mapatano ya wenye miti wa kijiji kizima, yanayofanywa mwanzoni mwa kila muhula mbele ya naibu chifu na mwalimu mkuu, kwamba hakuna atakayemchumisha mtoto wa mtu siku ya shule, na kwamba hakuna mnunuzi atakayepokea kibunda kutoka mkononi mwa mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Uchumaji utachukua muda zaidi kwa mikono ya watu wazima, na ujira wao utakuwa juu kidogo. Gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo katika bei ya mzigo, kama inavyohesabiwa gharama ya majani ya mgomba. Kisha shule ikabidhi kila jioni, kwa mwakilishi wa wazazi wa kila darasa, majina ya watoto waliokosekana siku hiyo, naye apite nyumbani kwao kabla ya giza kuingia na kuuliza mtoto yuko wapi, ili kesho yake, kengele inapolia, awe kwenye dawati lake.